Ndevu za Daktari na Mfalme wa Mtunzi

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Mtunzi anakuja! Yeye mwenyewe, kwa miguu yake, Jumamosi hii, pale duka la vitabu, jirani kabisa na kiti changu cha kunyolea. Tangazo limebandikwa mlangoni. Nimelisoma kimya, kisha nikalisoma kwa sauti ili wapita njia nao wafaidike. Anakuja na dada yake, ambaye naye anatunga vitabu vya sataranji. Watatia sahihi vitabu, watapiga picha na watu, halafu Mtunzi atacheza na wachezaji wanane kwa mpigo. Wanane! Peke yake! Huku anatembea!

Naandika hapa, kwa faida ya watakaoichapa shajara hii nikishapata jina, kwamba huyu Mtunzi ndiye mwalimu wangu. Hatujaonana. Lakini kitabu chake ninacho. Nilikiokota kwenye boksi la vitabu vibovu nyuma ya duka. Hakina jalada. Hakina kurasa za mwanzo. Kinaanzia katikati ya sentensi. Jina lake limo juu ya kila ukurasa, na hiyo inanitosha. Mtu mwenye akili hahitaji utangulizi.

Ndani mna michezo aliyocheza yeye. Kila mchezo unafika kwenye hatua moja kubwa, ya ajabu, ya kutoa roho, halafu maelezo yanakatika. Mfano ukurasa wa 31. Anamchukua malkia wake na kumweka mbele ya farasi wa adui. Peupe! Chini yake ameandika: "Hatua hii sitaisahau maishani mwangu. Nilitoka ukumbini nikatembea peke yangu mpaka miguu ikauma. Yaliyofuata hayana haja ya kuelezwa." Basi, kamaliza. Hajisifu hata kidogo. Mimi ningeandika sura nzima.

Hizo hatua kubwa nimezikariri zote. Nazitumia kila jioni klabuni. Klabu yetu inakutana hapa hapa kinyozini, wateja wakishapungua. Mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye duka, na ndiye mwenyekiti.

Leo nimecheza na Daktari. Si daktari. Anauza dawa ng'ambo ya barabara, lakini ana koti jeupe na ndevu zinazomfika kifuani, basi watu wanamsimamisha njiani kumweleza matumbo yao. Nikamtolea malkia kama ukurasa wa 31. Akamla kwa farasi. Vilevile kama kitabuni! Nikajua niko kwenye njia sahihi. Muda si mrefu nikafungwa, lakini hilo ni kosa la Daktari. Ana haraka mno. Hampi mtu nafasi ya kuonyesha yaliyofuata.

Klabuni wananiita Mkarimu. Sijui walilitoa wapi, ila nalipenda.

Baada ya mchezo Daktari akaanza kujipiga kifua. Eti Jumamosi atatoka sare na Mtunzi. Watu wakampigia makofi. Makofi ya sare! Damu ikanichemka. Nikapanda juu ya kiti cha kunyolea nikatangaza kwamba mimi nitamfunga. Kicheko! Mpaka Rangi, mwenzetu anayepaka nyumba za watu, alicheka mpaka akakalia ndoo yake. Daktari akachezea ndevu akasema, haya Mkarimu, ukimfunga Mtunzi mimi nitanyoa hizi. Nikamjibu, nisipomfunga, mimi ninyolewe kipara.

Mjomba akazima mashine. Akazitazama nywele zangu. Nywele zangu! Zinasimama katikati ya kichwa kama upanga, na ndizo tangazo la duka hili kuliko lile bango la mlangoni. Akasema mashahidi mmesikia: atakayeshindwa atakaa kwenye kiti hiki Jumapili mchana, mlango wazi, na mtaa mzima utazame.

Sina wasiwasi. Nazionea huruma ndevu.

Jumanne, 4 Juni

Hujuma! Klabu yetu ina watu tisa. Viti vya Jumamosi ni vinane. Mjomba kachagua wanane. Wa tisa nani? Mimi! Damu yake mwenyewe!

Nimemvaa asubuhi kabla hajafungua mlango. Akasema amechagua kwa kufuata ushindi. Akaniuliza, mpwa wangu, tangu ujifunze farasi anarukaje, umemshinda nani? Nikamkumbusha yule mwanafunzi. Akasema yule hakushindwa, yule aliitwa na mama yake akaenda nyumbani. Nikamwambia ushindi ni ushindi. Akaniambia chukua ufagio.

Daktari, ambaye masikio yake yanavuka barabara kabla yake, akaja kuchungulia. Akasema kwa upole wa kuudhi kwamba mtu asiyecheza hawezi kufunga, na asiyefunga ni kipara. Akamwuliza Mjomba kama mashine imepakwa mafuta. Halafu akaondoka akizichana ndevu kwa vidole.

Mpango wa kwanza: Binti wa duka la vitabu. Yeye ndiye aliyewaalika watunzi, na yeye ndiye anayepanga meza. Nimemkuta juu ya ngazi akipanga madaftari. Nikamwambia kwa sauti yangu ya wateja wakubwa kwamba Mtunzi atasikitika sana asiponiona mezani, maana mimi ni mwanafunzi wake wa siku nyingi. Akaniuliza, huyo mwalimu wako yukoje? Nikajibu bila kupepesa: mrefu, mwembamba, sauti nzito, na hakosi kitu chekundu shingoni. Akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Akasema nitoke, ana kazi.

Ananipenda, hilo liko wazi. Mwanamke asiyekupenda hakufukuzi huku anacheka.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili: kumtoa mtu. Nimemchagua Mpaka Rangi, maana ndiye wa nane na ndiye mwoga. Nimemfuata kazini, akiwa juu ya ngazi anapaka ukuta wa zahanati. Nikamnong'oneza kwamba Mtunzi ni mtu mkali, mwenye dharau, na kila anayemfunga humsimamisha mbele ya watu aeleze alikosea wapi. Mbele ya watu wote! Aeleze!

Nilitegemea atetemeke. Badala yake brashi ikasimama hewani na uso ukamng'aa. Akauliza, ni kweli? Nitaeleza na watu watanisikiliza? Masikini, nyumbani ana mke, ana mama mkwe, ana mabinti wanne. Sidhani kama amewahi kumaliza sentensi. Akasema hilo hawezi kulikosa, atavaa koti. Kisha akashuka, akanikalisha benchini nimsikilize akifanya mazoezi ya maelezo. Nimemsikiliza mpaka rangi ya ukuta ikakauka.

Nimerudi kazini nimechelewa. Mjomba kaniita majina ya ukoo wa baba.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa tatu. Huu ni wa akili nyingi. Kinachokosekana ni nini? Kiti cha tisa. Kiti kinahitaji nini? Meza. Pakiwa na meza ya tisa, na ubao juu yake, na mtu kaketi nyuma yake, nani atamwinua?

Hivyo mchana, Mjomba akiwa anamnyoa mteja na kumsimulia habari za goti lake, nimebeba ile meza yetu ndogo ya vifaa, nikaiburuta mpaka duka la vitabu. Binti akafurahi sana! Akasema nina moyo mzuri, walikuwa hawana pa kuweka chupa ya chai. Akaweka chupa ya chai. Akaweka vikombe. Akaweka na sahani ya biskuti. Akanishukuru tena.

Nyuma yangu nasikia Mjomba akinguruma kutoka dukani kwetu. Mikasi, vitana, poda na spiriti vilikuwa sakafuni, na mteja alikuwa ameshikishwa mashine mwenyewe mkononi kama kipaza sauti. Mjomba akasema Jumapili hatanisubiri nikae, ataninyoa nikiwa nimesimama.

Nimeshika nywele zangu leo mara nyingi. Si kwa woga. Nazipima tu.

Ijumaa, 7 Juni

Siku tulivu. Mjomba kaenda kununua nyembe, nikabaki peke yangu. Akaja mzee mmoja mfupi, shati la mikono mifupi, viatu vya vumbi, mfuko wa nailoni mkononi. Akaomba kunyolewa ndevu. Nikampaka povu mpaka machoni.

Akauona ubao wetu kwenye rafu. Akauliza kama hapa wanacheza. Nikamwambia mzee wangu, umefika makao makuu. Akauliza kama nina habari za huyu mtunzi anayekuja kesho. Habari? Nikaweka wembe chini ili nicheke vizuri. Nikamwambia mtunzi gani, yule ni kama ndugu yangu, kabla ya mashindano makubwa lazima aniulize ushauri. Mzee akasema, ndani ya povu, kumbe.

Kwa kuwa alikuwa msikilizaji mzuri nikamfungulia hazina. Nikashusha ubao, nikapanga kete pale pale kando ya poda, nikamwonyesha ukurasa wa 31. Hapa malkia, hapa farasi wa adui. Mzee akafuta povu mdomoni. Halafu akasema taratibu kwamba, alivyosikia yeye, farasi alimla yule malkia na mchezo ukaishia hapo, na ilikuwa aibu kubwa.

Nilikuwa nimeshaushika tena wembe, nikacheka mpaka ukatetemeka. Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyodhani wote! Uhodari wake wote uko hapo. Aliona kitu pale ambacho mpaka leo hakuna mwingine aliyekiona. Akaniuliza, kitu gani? Nikamwambia hiyo ni siri yangu na yake, na sitaitoa hata kwa mtutu wa bunduki. (Sijui ni kitu gani. Lakini lazima kiwepo. Mtu hatembei mpaka miguu ikauma kwa ajili ya kitu kidogo.)

Hapo mzee akageuka ghafla kuutazama ubao. Wembe haukugeuka. Ilikuwa kidevuni, kidogo tu, nikabandika plasta. Hakulalamika. Wala hakuhisi. Aliuliza tu kama kesho nami nitacheza, nikamweleza kwa uchungu jinsi maadui, wakiongozwa na mjomba wangu mwenyewe, walivyonizibia njia.

Akaondoka akasahau mfuko wake. Akarudi kuuchukua, akasimama akautazama ubao, akaondoka akausahau tena. Wazee!

Jumamosi, 8 Juni

USHINDI!

Lakini nianze mwanzo, kwa utaratibu.

Duka la vitabu lilijaa mpaka mlangoni. Meza nane zimepangwa nusu duara, wanane wetu wameketi kama maharusi. Daktari kachana ndevu na kuzipaka mafuta. Mpaka Rangi kavaa koti. Mjomba yuko meza ya kwanza, kanipa mgongo. Mimi nimesimama kwenye rafu ya vitabu vya watoto, karibu na meza yangu mwenyewe, ambayo juu yake watu wanajimiminia chai.

Wakaingia watunzi. Kwanza dada: mrefu, mwembamba, sauti nzito, kitambaa chekundu shingoni! Nikamtazama Binti kwa ushindi. Nyuma ya dada, akaingia mzee mfupi mwenye plasta kidevuni.

Binti akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Ndiye! Nilimnyoa Mtunzi! Nilimkata Mtunzi! Nilimwambia Mtunzi kwamba Mtunzi huniomba ushauri! Nilikuwa natafuta njia ya kutambaa chini ya rafu nilipomsikia akiuliza, yule kinyozi anacheza meza ipi? Mjomba akasimama akaanza kueleza habari za ushindi na utaratibu wa klabu. Mtunzi, macho mekundu kama mtu ambaye hakupata usingizi, akasema hagusi kete yoyote mpaka kinyozi apewe kiti. Binti akaondoa chupa ya chai. Akaondoa vikombe. Akaondoa biskuti. Ukaletwa ubao wetu kutoka kinyozini. Nikaketi kwenye meza yangu. Mpango wa tatu, umeonaje?

Mtunzi alichukua kete nyeupe kwenye meza zote, sisi nyeusi. Bahati iliyoje! Katika ukurasa wa 31 yeye ndiye aliyekuwa na nyeusi. Akacheza hatua ya kwanza mezani kwangu, ile ile aliyochezewa yeye na adui yake. Nikajibu kama kitabu. Akazunguka, akarudi, akacheza ile ya pili. Vilevile! Kila akifika kwangu ananitazama usoni, anafuata ukurasa wa 31, anaondoka akigeuka nyuma. Wengine aliwapitia kama mtu anayezima taa. Mpaka Rangi alianguka wa kwanza. Hakuna aliyemwomba maelezo, lakini alisimama akaeleza, kirefu, kwa mikono, mpaka dada yake Mtunzi akamwomba kwa heshima aketi. Daktari alipoteza ngome, kisha ngome ya pili, kisha ndevu zikaingia kwenye kikombe. Sare yake iko wapi? Mjomba alifungwa akiwa bado anafikiria.

Nikabaki mimi. Duka zima likahamia nyuma ya mgongo wangu. Na wakati ukafika. Nikamwinua malkia. Nikamzungusha kidogo hewani ili wa nyuma waone. Nikamweka mbele ya farasi wake.

Daktari akapasuka kicheko. Akasema huyo hapo Mkarimu wetu, kama kawaida. Mjomba akaziba uso.

Mtunzi hakucheka. Alinyoosha mkono juu ya farasi wake. Ukasimama hewani. Akaurudisha. Akaomba kiti, akakaa, kwa mara ya kwanza siku nzima. Akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, una hakika, kijana? Nikatabasamu. Ni lile tabasamu ninalompa mteja nikishapitisha mashine mahali ambapo hakuniambia. Linamaanisha: kila kitu kiko kama kilivyopangwa. Mtunzi akatoa jasho.

Dada yake akashindwa kuvumilia. Akasema kaka, mle malkia twende tukale. Akamjibu kwa ukali, nyamaza, wewe hukuongea naye jana! Halafu akavuta pumzi, akamwacha farasi, akamsogeza mfalme wake kwenye kona ili awe salama.

Sasa lazima niseme ukweli, maana hii ni shajara. Kitabu kiliishia hapo. Baada ya hapo sikuwa na ukurasa. Nikaona malkia bado kasimama mbele ya farasi na hiyo ni hatari, nikamwondoa. Njiani akala ngome. Mtunzi akasogeza askari, bado anamtazama farasi wake kwa mawazo. Nikamsogeza malkia tena, karibu na mfalme wake, kwa sababu palikuwa na nafasi. Kumbe farasi wangu alikuwa analinda ile nafasi kwa nyuma. Sikumwona. Siku hizi kete zangu zinajipanga zenyewe.

Mtunzi akatazama. Akatazama tena. Akamlaza mfalme wake chali.

Nikamwinua nikamsimamisha. Nilidhani kagongwa na mkono wa shati. Akamlaza tena. Nikamsimamisha tena, nikamwambia pole mzee, meza hii ina mguu mfupi. Dada yake akanishika mkono akasema, kijana, umeshinda. Mwache mfalme alale.

Kelele! Duka lilitaka kuhama! Mjomba, yule yule wa ufagio, akaninyanyua juu akipiga ukelele kwamba huyu ni mtoto wa dada yangu, nimemfundisha mimi! Daktari alikuwa ameshika ndevu kwa mikono miwili kama mtu anayeaga msafiri.

Baadaye Mtunzi akanivuta pembeni ya rafu. Akaomba nimwambie ile siri. Alisema ameifikiria usiku kucha na haioni. Nikampiga begani, nikamwambia mzee wangu, ukiwa tayari utaiona. Akanitazama kwa heshima kubwa. Akasema kitabu chake kile itabidi akiongezee sura moja, nami nitakuwa ndani yake. Mimi! Kitabuni!

Dada yake ndiye aliyetaka kuniharibia. Akaniuliza nimejifunza kwa kitabu gani, nikamtolea changu mfukoni. Akakigeuza, akakigeuza tena, kisha akaenda kwenye rundo akaniletea kizima, chenye jalada. Kinaitwa "Nilivyoshindwa". Akanifungulia mwanzo, zile kurasa nisizokuwa nazo, akanisomea neno kwa neno: humu msomaji atakuta hatua zangu mbaya kuliko zote, ambazo mtu mwenye akili zake asizicheze kamwe.

Tukatazamana. Nikamkonyeza. Nilielewa mara moja. Huo ni mtego wa jalada! Mtunzi anawafukuza wajinga mlangoni ili siri zibaki kwa wachache wanaostahili. Mjanja huyu mzee! Dada akasema hapana, si mtego, ni makosa kweli, uliyakariri makosa. Nikamwambia usijali mama, sitamwambia mtu. Akapumua kama mtu aliyebeba gunia. Kisha akanipa zawadi ya kitabu alichotunga yeye, "Sataranji kwa Wanaoanza", akaandika ndani: Kwa kinyozi. Tafadhali anzia hapa.

Watunzi wawili, siku moja, wote wananinyenyekea.

Jumapili, 9 Juni

Mtaa mzima ulikuja. Watu waliketi mpaka kwenye ngazi za duka la dawa. Daktari alijaribu kila njia. Alisema ana homa. Alisema ndevu zinalinda koo lake. Alisema Mtunzi ndiye aliyekosea, kwa hiyo Mtunzi ndiye anyolewe. Mjomba akapangusa kiti kwa taulo akasema, keti mwanangu, mashahidi wanaungua jua.

Nimemnyoa mimi mwenyewe. Polepole. Kwanza mkasi, kisha mashine, kisha wembe, nikisimama kila mara ili watoto wa nyuma nao waone. Zilianguka mapajani kwake kama paka. Nikampaka spiriti, akaruka, watu wakashangilia.

Halafu nikamgeuza kwenye kioo. Kumbe chini ya zile ndevu kulikuwa na kidevu. Tena kidevu cha maana, chenye kishimo katikati, na mashavu ya kijana. Wanawake wakaanza kuongea wote kwa pamoja kwa sauti ndogo. Mjomba akasema, ala, kumbe una miaka hii tu!

Mimi nilikuwa nakusanya ndevu kwa ufagio, nikipokea pongezi. Binti wa duka la vitabu alikuwepo. Nilimwona akija mbele nikajua anakuja kwangu, nikasimamisha nywele. Lakini masikini alikuwa anaumwa kichwa. Alimwomba Daktari amtafutie dawa, wakavuka barabara pamoja, ingawa duka la dawa Jumapili halifunguliwi. Hawakurudi mpaka watu walipotawanyika. Lazima maumivu yalikuwa makali. Nadhani ni zile kelele zangu za ushindi.

Nimezungushwa mtaani mabegani mwa Mpaka Rangi. Alikuwa anaeleza njia nzima.

Jumatatu, 10 Juni

Bingwa amerudi kazini. Wateja wote wametaka kunyolewa na mimi. Mmoja aliomba nywele kama zangu, nikamwambia hizi si za kila mtu.

Jioni, klabu. Mjomba kaniweka meza ya kwanza, kwa heshima. Nimecheza na Mpaka Rangi, nikatoa ngome kama ukurasa wa 22. Akaila. Akanifunga. Akaeleza. Nimecheza na Mjomba, nikatoa farasi wote wawili kama ukurasa wa 40. Akawala, akanitazama kwa muda mrefu, akanishusha meza ya mwisho. Akasema mpwa wangu, kwa nini husomi kile kitabu cha yule mama? Nikamwambia nimekifungua, kinaanza na jinsi farasi anavyoruka, mambo ya watoto. Nimemwazima Daktari, yeye ndiye mwenye shida. Binti wa vitabu anamsaidia kukisoma. Nimewaona kwenye benchi, wameinamia ukurasa mmoja, wanacheka. Sataranji si mchezo wa kuchekacheka. Hawatafika mbali.

Mwisho nikacheza na Daktari. Malkia mbele ya farasi, ukurasa wa 31, ile ile iliyomlaza Mtunzi! Daktari akapapasa kidevu, hakukuta kitu cha kuchana, akamla malkia. Akanifunga kabla chai haijapoa. Yaani mtu aliyesoma vitabu thelathini aliogopa, huyu haogopi. Hiyo ndiyo hasara ya kucheza na watu wasiojua.

Nikapanda tena juu ya kiti. Binti ametangaza kwamba mwezi ujao dada yake Mtunzi anarudi, naye atacheza na wanane. Nikasema nitamfunga yule mama kama nilivyomfunga kaka yake. Daktari akasema ndevu hana tena, lakini nyusi anazo. Nyusi zake, nyusi zangu. Mjomba akaziba masikio, akasema mbele ya mashahidi kwamba yeye hayumo. Nimekubali hapo hapo. Nyusi ni nini? Zinaota.

Tena nimeshaligundua kosa langu la leo. Nilichelewa. Nilimweka malkia nyuma ya askari, nikasubiri mpaka katikati ya mchezo, Daktari akapata muda wa kufikiri.

Kwa yule mama nitamtoa malkia mapema zaidi.